Kuzima au Kuacha: Mfumo wa Mshiko na Mfumo wa Uthabiti SUV Inapotoka Kwenye Lami

Karibu na usukani, mara nyingi upande wa goti la dereva au katikati ya dashibodi, SUV nyingi zinazoagizwa kutoka Japani zina kitufe chenye picha ya gari linaloacha michirizi miwili iliyopinda nyuma yake. Wamiliki wengi hukaa na gari miaka mitano bila kukigusa, kwa sababu kitabu cha maelekezo, kama kilikuja na gari, kimeandikwa Kijapani, na fundi wa mtaani akiulizwa hujibu kwamba ni kitufe cha utelezi na kuishia hapo. Wengine, hasa waliowahi kulala porini gari likiwa limenasa, wameambiwa kwamba ukiacha lami unakibonyeza mara moja na kukisahau. Wote wanakosea, ila wa pili ndio wanaojiweka kwenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa asiyekigusa atakwama tu, wakati anayekisahau anaweza kupindukia kwenye moramu akiwa kwenye mwendo wa kilometa 80 kwa saa.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa mwenye Prado, RAV4, Harrier, Forester, X-Trail, Pajero au Jimny ambaye anatarajia kupita njia kama ile ya Mto wa Mbu hadi Ziwa Natron, milima ya Lushoto kuelekea Mtae wakati wa masika, mito ya mchanga ya Ruaha, au jangwa la Chalbi huko Marsabit. Ninaposema nje ya lami nina maana ya njia mbovu ambazo bado ni njia. Kuacha barabara na kukata nyika ndani ya hifadhi za taifa ni kosa, na hakuna kitufe cha kulitatua hilo.

Mifumo miwili ndani ya kitufe kimoja

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba kitufe hicho kimoja kinasimamia mifumo miwili yenye kazi tofauti. Wa kwanza ni mfumo wa mshiko, ambao Toyota huuandika TRC na watengenezaji wengine TCS. Ili kuuelewa ni lazima kuikumbuka tabia ya difu ya kawaida: inagawa nguvu sawa kwa magurudumu mawili ya ekseli, na nguvu hiyo haiwezi kuzidi ile ambayo gurudumu lenye mshiko mdogo linaweza kuibeba. Ndiyo maana gurudumu moja likining'inia hewani huzunguka kama feni huku mwenzake aliye kwenye ardhi ngumu akisimama tuli. Sensa zilizo kwenye kila gurudumu zikigundua kwamba moja linazunguka kupita mengine, mfumo wa mshiko hulikamata hilo kwa breki yake peke yake, difu inakutana na upinzani upande huo, na nguvu inafika upande wa pili.

Mfumo huo una mkono mwingine, nao ndio unaoleta lawama zote. Mbali na kukamata breki, huibana injini: hata kama mguu wa dereva umefika sakafuni, kompyuta inafungua njia ya hewa kwa kiasi inachokitaka yenyewe. Kwenye lami iliyolowa, mikono yote miwili ni rafiki. Nje ya lami, mkono wa breki mara nyingi unasaidia na mkono wa injini mara nyingi unakwamisha, na karibu kila uamuzi utakaofuata katika ulinganisho huu unatokana na tofauti hiyo.

Mfumo wa pili ni wa uthabiti. Toyota huuita VSC, Subaru na Nissan VDC, Mitsubishi ASC, Suzuki ESP. Huu hausubiri gurudumu lizunguke bure. Unalinganisha pembe ya usukani na jinsi gari linavyogeuka kweli. Vikitofautiana, unakamata breki ya gurudumu moja au mawili na kupunguza nguvu ya injini hadi gari lirudi kwenye mstari ambao dereva ameuomba. Uliingia sokoni mwaka 1995 katika Mercedes-Benz S 600 kwa ushirikiano na Bosch, na ukapata umaarufu miaka miwili baadaye pale A-Class ilipopinduka katika jaribio la kukwepa kikwazo nchini Sweden na kiwanda kikalazimika kuufunga katika kila gari la aina hiyo. Marekani iliufanya wa lazima kwa magari yote mepesi kufikia matoleo ya mwaka 2012. Wakati kanuni hiyo inatungwa mwaka 2007, mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilikadiria kwamba mfumo ungepunguza ajali zisizohusisha gari la pili kwa asilimia 34 kwa magari madogo, na kwa asilimia 59 kwa SUV. Tofauti ya takwimu hizo mbili inatokana na kimo cha gari: SUV imebeba uzito wake juu, na ikianza kwenda ubavu haihitaji kingo kubwa ili ipinduke.

Mfumo ambao haumo ndani ya kitufe hicho ni ABS. Kukibonyeza hakuzimi breki za kuzuia magurudumu kujifunga. Wanaotaka kuzima kila kitu huchomoa fyuzi, na kwa kufanya hivyo huondoa pia mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma, jambo ambalo halina faida yoyote kwenye mchanga wala kwenye tope.

Hatua za kitufe

Katika Toyota nyingi, kukibonyeza mara moja na kukiachia kunazima mfumo wa mshiko pekee, na uthabiti unabaki kazini. Kukishikilia kwa zaidi ya sekunde tatu gari likiwa limesimama kunazima yote miwili, na taa ya njano yenye neno OFF inawaka kwenye dashibodi. Hivyo dereva ana nafasi tatu za kulinganisha: kuacha yote, kuzima mshiko tu, kuzima yote. Ya nne ipo katika magari yenye gia ya chini, yaani ile seti ya gia za nguvu na mwendo mdogo inayoandikwa 4L, au yenye swichi ya kuchagua aina ya ardhi, nayo ni kuiachia kompyuta ibadilishe masharti yake yenyewe.

Kuna jambo dogo ambalo limewatia watu wengi matatani. Injini ikizimika na kuwashwa tena, mifumo hurudi kazini. Dereva aliyeizima kabla ya kuingia kwenye mchanga, gari likamfia katikati, akaliwasha kwa haraka na kukanyaga mafuta, hushangaa kuona linaishiwa nguvu wakati anaamini kwamba kila kitu kimezimwa. Vilevile, baadhi ya magari hurudisha uthabiti yenyewe mwendo ukizidi kiwango fulani, hata kama dereva hajagusa kitu, kwa hiyo taa ya dashibodi ndiyo ya kuaminiwa kuliko kumbukumbu ya kidole.

Mchanga: hapa kuzima kunashinda

Nilikuwa abiria wa kiti cha mbele tulipoingia kwenye mto mkavu wenye upana wa kama mita sitini. Gari lilikuwa SUV ndogo ya gia otomatiki, matairi yana upepo wa psi 33 kama yalivyotoka mjini. Tuliingia kwa mwendo wa kilometa 30 hivi kwa saa. Mita kumi na tano ndani, taa ya njano ikaanza kupepesa, sauti ya krr-krr-krr ikatokea chini ya miguu yetu, na injini ikapwaya kama mtu anayeishiwa pumzi ingawa dereva alikuwa amekanyaga hadi mwisho. Gari halikukwama kwa kishindo. Lilipungua tu mwendo, likapungua, likasimama, na mchanga ukawa umefika nusu ya rimu. Mzee mmoja aliyekuwa akinywesha mbuzi kwenye kisima cha mchanga alikuja akatuzunguka mara moja bila kusema neno, kisha akachuchumaa kwenye tairi la nyuma na kusema, "Toeni upepo kwanza, wanangu. Hayo ya injini yatafuata."

Tulishusha upepo hadi 18, tukachimba mbele na nyuma ya kila tairi kwa mfuniko wa sufuria, tukazima mifumo yote miwili, na dereva akarudi nyuma kwanza juu ya nyayo zake mwenyewe, ambazo zilikuwa zimeshindiliwa. Alipopata nafasi ya kutosha akaingia tena na kupita bila kusimama. Upepo ndio uliofanya kazi kubwa kuliko kitufe, na ninalisema hilo mapema ili msomaji asitarajie kwamba kidole kitafanya kazi ya tairi.

Hata hivyo kitufe kilikuwa na sehemu yake, kwa sababu mbili. Mchanga unapitwa kwa kasi iliyohifadhiwa. Magurudumu yote yanateleza kidogo muda wote, na kuteleza huko ni kwa kawaida. Mfumo wa mshiko unaliona hilo kama hitilafu na kuibana injini wakati ule ule ambao nguvu inahitajika kupita wakati mwingine wowote. Sababu ya pili haizungumzwi sana. Gari likiwa ndani ya nyayo za magari yaliyotangulia, dereva anaweza kugeuza usukani kidogo bila gari kufuata, kwa kuwa kuta za mchanga zinalishikilia. Mfumo wa uthabiti unasoma kwamba usukani umeelekea kulia na gari linakwenda mbele, unahitimisha kwamba gari limeshindwa kona, kisha unakamata breki na kupunguza nguvu. Kuzima mshiko pekee hakuondoi tatizo hili. Ndiyo maana kwenye mchanga mwingi, tambarare na usio na watu, ninapendekeza kuzima yote miwili, na ninaona kuzima nusu kama kujidanganya.

Pendekezo hilo lina sharti. Gari liwe na nguvu kwenye ekseli zote mbili, mwendo usizidi ule wa kukuvusha, na pasiwe na mgongo wa kupanda kwa ubavu. Chalbi inadanganya kwa hili. Uso wake ukikauka unakuwa mgumu na mpana, na dereva aliyezima mifumo kwa ajili ya kipande cha mchanga anajikuta kwenye kilometa 90 kwa saa bila kukumbuka kurudisha chochote, huku ukoko ukisubiri kupasuka chini ya gurudumu moja la mbele.

Tope: inategemea rangi yake

Madereva wa utalii hawalizungumzii tope kama kitu kimoja, na wana haki. Udongo mweusi wa mbuga, ule wa mfinyanzi unaovimba ukinywa maji, unanata kwenye tairi hadi kashata zote, yaani meno ya tairi, zinajaa na tairi linakuwa laini kama chupa. Njia pekee ya kulisafisha ni kuliacha lizunguke kwa kasi ya kutosha ili lirushe udongo. Mfumo wa mshiko haukubali mzunguko huo. Unakamata breki kila tairi linapoanza kujisafisha, na gari linabaki na matairi manne yaliyopakwa sabuni. Hapa kuzima mshiko kuna manufaa yanayoonekana kwa macho. Ukichungulia dirishani utaona vipande vya udongo vikiruka juu ya kioo cha pembeni, na ukiona hivyo ujue tairi limeanza kupata meno yake tena.

Uthabiti kwenye udongo huo ni suala jingine. Kama barabara imeinuliwa katikati na ina mitaro pande zote mbili, gari hutaka kuteremka kwenda mtaroni, na mfumo wa uthabiti unaweza kulirudisha kwa kukamata gurudumu linalofaa. Kwa mwendo mdogo sana msaada huo ni haba, lakini haudhuru. Kwa hiyo kwenye tope jeusi nazima mshiko pekee kama kitufe kinaruhusu, na nauacha uthabiti, isipokuwa pale ambapo nyayo ni za kina na gari tayari limefungwa ndani yake kama treni kwenye reli.

Tope jekundu la milimani ni tofauti kabisa. Kwenye njia za Usambara mvua ya usiku mmoja inaacha utando mwembamba wa utelezi juu ya ardhi ambayo chini yake bado ni ngumu, upande mmoja kuna ukuta wa mlima na upande wa pili hakuna kitu. Kuzungusha matairi hapo hakusafishi chochote. Kunapeleka makalio ya gari kwenye ukingo. Katika njia hiyo ninaacha mifumo yote kazini, naingiza gia ya chini kama gari linayo, na natembea polepole. Gari lisilo na gia ya chini likianza kufa katikati ya mwinuko kwa sababu injini imebanwa, dereva anaweza kuzima mshiko kwa mwinuko huo tu na kuurudisha juu, lakini minyororo ya tairi, ambayo wenye magari ya mizigo huko hawatembei bila hiyo, inamsaidia zaidi kuliko kitufe.

Makorongo na mawe: hapa kuacha kunashinda, labda uwe na difu loki

Njia ikikatwa na makorongo ya mshazari, gari linainua gurudumu la mbele upande mmoja na la nyuma upande wa pili kwa wakati mmoja. Magurudumu mawili yako hewani au yamegusa tu, na gari lenye difu za kawaida linasimama hata kama limeandikwa 4WD kila mahali. Mwendo wa kasi si tiba hapa, kwani utavunja bampa au sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kinachotakiwa ni breki kukamata magurudumu yaliyo hewani na kupeleka nguvu kwa yale mawili yanayogusa. Mwenye gari la kawaida anayezima mfumo wa mshiko mahali hapa amejinyima kifaa pekee alichokuwa nacho.

Wengi huzima kwa sababu mfumo ukiwa kazini unaonekana kama umeshindwa. Gurudumu linazunguka, gari halisogei, sauti ya krr inatokea, na dereva anaachia mafuta kwa hofu. Kosa liko kwenye kuachia. Mfumo unahitaji gurudumu lizunguke kwanza ndipo ulikamate, kisha unahitaji dereva ashikilie mafuta pale pale, bila kuongeza wala kupunguza, kwa sekunde mbili au tatu. Akivumilia sauti hiyo, gari hujivuta taratibu kama mtu anayepanda ngazi kwa magoti. Ikirudiwa mara nyingi mfululizo breki hupata joto, na Toyota nyingi hupiga mlio na kusitisha mfumo hadi zipoe. Hapo unasimama, unakunywa chai.

Mwenye difu loki ya nyuma ana hesabu nyingine. Difu ikifungwa, magurudumu yote mawili ya nyuma huzunguka sawa hata kama moja liko hewani, bila kusubiri kuteleza na bila kuchosha breki. Katika Prado yenye kifaa hicho, kuifunga difu ya nyuma huzima mifumo ya mshiko na uthabiti, na hata ABS husitishwa, kwa hiyo taa kadhaa kuwaka pamoja si ugonjwa wa gari. Gharama yake ni usukani: gari lililofungwa difu linataka kwenda moja kwa moja, na kwenye kona kali yenye jiwe pembeni utalaani siku uliyoibonyeza. Difu loki ni bora kuliko mfumo wa mshiko kwenye mwinuko wa mawe ulionyooka. Mfumo wa mshiko ni bora kuliko difu loki kwenye kona, na kwa dereva asiye na uzoefu ni bora karibu kila mahali.

Moramu na changarawe: usiguse

Sehemu hii ni fupi kwa kuwa haina mjadala. Barabara ya changarawe kati ya Naabi na Seronera huko Serengeti, kama nyingine nyingi za aina yake, huota migongo ya bati inayotikisa hadi skrubu za dashibodi. Juu ya migongo hiyo magurudumu huruka, yanapoteza mguso na ardhi kwa sehemu ya sekunde, na nyuma ya gari huanza kutembea pembeni. Taa ya njano itapepesa. Mwenye gari asiyejua atafikiri mfumo unamsumbua, kumbe ndio unaomshikilia. Gari likishaanza kwenda ubavu kwenye changarawe na magurudumu yakakutana na kingo ya udongo ulioshindiliwa, kinachofuata ni kupinduka, nayo ndiyo ajali ambayo mfumo wa uthabiti ulitengenezwa kuizuia. Anayehitaji faraja zaidi apunguze upepo kidogo na mwendo zaidi. Akumbuke pia kwamba ABS kwenye changarawe iliyolegea huongeza umbali wa kusimama, kwa sababu tairi lisilojifunga halikusanyi kichuguu cha kokoto mbele yake, hivyo nafasi kati yake na gari la mbele iwe kubwa kuliko ya lami.

Gari lako liko kundi gani

Prado na Land Cruiser zenye difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ndizo rahisi kuamulia. Katika nyingi kati ya hizo, kuifunga difu ya kati huzima uthabiti bila dereva kugusa kitufe, wakati mkono wa breki wa mfumo wa mshiko unabaki kazini. Wahandisi wameshafanya ule ulinganisho wa makorongo na mawe kwa niaba yako. Matoleo yenye swichi ya ardhi yanakwenda mbele zaidi: chaguo la tope na mchanga huruhusu magurudumu yateleze sana kabla ya kukamatwa, na chaguo la mawe huyakamata mapema. Land Rover walianza kuuza wazo hilo mwaka 2004 kwa Discovery 3. Mwenye swichi kama hiyo aanze nayo, na kitufe cha kuzima akiweke akiba kwa mchanga mwingi tu.

Jimny ya mwaka 2018 na kuendelea, ingawa ni ndogo, iko kundi hilo hilo kwa akili: ikiwa gia ya chini uthabiti unalala na breki zinaendelea kufanya kazi ya difu loki. Kwenye mchanga ndipo inapoleta ubishi, maana wengi wanataka gia ya juu na mwendo, na katika gia ya juu gari halikubali kuachiwa bila uthabiti mwendo ukishaongezeka.

RAV4, Harrier, X-Trail na Forester hazina gia ya chini, na nguvu ya nyuma hufika kupitia klachi ya umeme au kifaa kinachofanana nayo, ambacho hupata joto kikilazimishwa kwenye mchanga kwa muda mrefu na kujiondoa kazini. RAV4 za kizazi cha tatu zina kitufe cha LOCK kinachogawa nguvu mbele na nyuma hadi mwendo wa kilometa 40 kwa saa. Forester za kuanzia kizazi cha nne zina X-Mode, kitufe cha kusaidia gari kwenye ardhi mbovu, nayo inaishia hapo hapo kwenye 40. Kwa magari haya ninashauri kubonyeza LOCK au X-Mode kwanza, kujaribu, na kuzima mshiko pale tu injini inapobanwa mbele ya macho yako. Kuna tahadhari moja kubwa kuliko zote kwa anayenunua: RAV4 na Harrier nyingi zilizouzwa Japani zinavuta magurudumu ya mbele tu. Lala chini uangalie kama kuna propela shafti inayokwenda nyuma na difu kwenye ekseli ya nyuma. Kama hakuna, mfumo wa mshiko ndio rafiki yako wa mwisho na huna sababu ya kuuzima kwenye makorongo wala kwenye mwinuko wa utelezi.

Kabla ya kulinganisha chochote, angalia taa za dashibodi unapowasha gari. Zinapaswa kuwaka zote kisha kuzimika. Taa ya ABS ikibaki inawaka, mara nyingi sensa ya gurudumu imejaa tope au waya wake umekatwa na jiwe, na bila sensa hiyo mshiko na uthabiti havifanyi kazi, uwe umebonyeza kitufe au hujabonyeza. Ikiwa taa haiwaki kabisa hata unapozungusha ufunguo, shuku kwamba aliyekuuzia aliichomoa balbu. Matairi yenye vipimo tofauti kwenye gari moja nayo huchanganya sensa, kwa sababu kompyuta inadhani tairi dogo linateleza muda wote.

Land Cruiser za zamani za safari, zile zilizorefushwa na kukatwa paa Arusha, hazina mifumo hii. Anayetoka kwenye gari hilo na kuingia kwenye Prado mpya huwa wa kwanza kuzima kila kitu, kwa kuwa amezoea kusikia magurudumu kwa makalio yake, na kwenye mchanga huwa sahihi. Kwenye barabara ya kurudi nyumbani, kabla hajafika kwenye changarawe ya wazi, asimame azime injini na kuiwasha tena. Sekunde tano zinatosha kurudisha kila kitu kilipokuwa.